UJIRANI NA ULINZI WA MIPAKA
Somo kutoka nchi tano za kaskazini ya Ulaya

Watu wengi hudhani kwamba nchi zikipakana, zikawa na urafiki, na watu wake wakawa wa ukoo mmoja, basi ni jambo jepesi kwao kuunganisha majeshi na kuilinda mipaka kwa pamoja. Mambo ya dunia hayaendi hivyo. Ziko nchi zilizopatana katika biashara, katika safari na hata katika ndoa za watoto wao, lakini zilipoketi kuzungumza habari za bunduki hazikusikilizana. Tena ziko nyingine, kama Ufaransa na Ujerumani, zilizopigana vita vikubwa mara tatu tangu mwaka 1870 hata mwaka 1945, na ambazo mwaka 1989 zilianzisha kikosi kimoja chenye askari wa pande zote mbili.

Ni mambo gani, basi, yanayozisukuma nchi jirani kushirikiana katika ulinzi, na ni mambo gani yanayozizuia? Jambo hili laweza kufahamika vizuri kwa kutazama habari za nchi tano za kaskazini ya Ulaya ambazo kwa pamoja huitwa nchi za Nordiki, yaani Denmark, Norwei, Uswidi, Ufini na Iceland. Tatu kati ya nchi hizo zilijaribu kufanya mapatano ya ulinzi mwaka 1948, zikashindwa. Haikuwa mpaka mwaka 2024 ndipo zote tano zilipokuwa chini ya muungano mmoja wa ulinzi.

NDUGU WA NYUMBA MOJA

Nchi hizo tano hazina watu wengi. Hesabu ya wote pamoja haifiki milioni 30, yaani kama nusu ya watu wa Kenya. Mtu wa Denmark, wa Norwei na wa Uswidi waweza kusemezana, kila mmoja kwa lugha yake, wakaelewana. Dini yao ya asili ni moja, na sheria zao zinafanana. Tangu mwaka 1952 wananchi wa nchi nne kati ya hizo, Iceland ikiwa bado, walianza kuruhusiwa kuvuka mipaka bila pasi, na mwaka 1954 wakapewa ruhusa ya kufanya kazi katika nchi yo yote kati yao.

Lakini undugu wao una kumbukumbu zake. Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi hata mwaka 1809. Norwei ilikuwa chini ya Mfalme wa Denmark mpaka mwaka 1814, kisha ikawa chini ya Mfalme wa Uswidi mpaka mwaka 1905. Ndugu mdogo aliyewahi kuamriwa na ndugu mkubwa hasahau upesi, na kila inaponenwa habari ya kuweka majeshi chini ya amri moja, yeye huuliza kwanza, "Amri hiyo itatoka kwa nani?"

VITA VILIVYOWAGAWANYA

Katika Vita Vikuu vya Pili kila nchi ilipata fungu lake, wala mafungu hayo hayakuwa sawasawa. Ufini ilishambuliwa na Urusi ya Kisovieti tarehe 30 Novemba 1939. Ilipigana kwa ushujaa mkubwa, lakini hatimaye ilipoteza kama sehemu moja katika kumi ya nchi yake, na watu zaidi ya 400,000 wakaacha mashamba na nyumba zao. Tarehe 9 Aprili 1940 Wajerumani waliingia Denmark na Norwei. Denmark ilishindwa kwa muda wa saa chache tu, na Norwei ikashindana nao kwa miezi miwili. Uswidi haikuingia vitani. Ilibaki katikati, na kwa muda iliwaruhusu askari wa Kijerumani kupita nchini mwake kwa gari la moshi.

Vita vilipokwisha, kila nchi iliondoka na fundisho lake. Uswidi ilisema, "Kukaa katikati kumetuokoa." Norwei na Denmark zilisema, "Kukaa katikati kumetuangamiza." Ufini, yenye mpaka wa kilometa zaidi ya 1,300 na Urusi, ilisema, "Jirani mkubwa asichokozwe." Mafundisho haya yalikuwa kweli, kila moja kwa mwenyewe, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

MAZUNGUMZO YA MWAKA 1948 NA 1949

Mwezi wa Februari 1948 Wakomunisti walitwaa serikali ya Chekoslovakia, na mwezi wa Aprili Ufini ikatia sahihi mkataba na Urusi. Nchi za kaskazini ziliingiwa na hofu. Waswahili husema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwezi wa Mei Bwana Östen Undén, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uswidi, alizishauri Norwei na Denmark zizungumze habari za muungano wa ulinzi wa nchi tatu. Halmashauri ya wataalamu ikaanza kazi mwezi wa Oktoba.

Hakuna aliyekataa kwamba muungano ni kitu chema. Waliloshindwa ni jambo moja tu: muungano huo utazame wapi? Uswidi ilitaka nchi tatu zisimame peke yao, mbali na mataifa makubwa, zisiwe upande wa Marekani wala upande wa Urusi. Norwei ilitaka muungano ulioshikamana na nchi za Magharibi, kwa sababu pwani yake ndefu yaelekea bahari ya Atlantiki, na mwaka 1940 msaada uliotumainiwa ulikuwa ule wa kutoka ng'ambo ya bahari. Denmark, chini ya Waziri Mkuu wake Bwana Hans Hedtoft, ilijitahidi kuwapatanisha wawili hao.

Tena palikuwa na shida ya silaha. Norwei na Denmark zilikuwa zimetoka vitani mikono mitupu, na Uswidi peke yake haikuweza kuzijaza. Marekani nayo ilifahamisha kwamba silaha zake zitakwenda kwanza kwa wale watakaojiunga nayo. Wajumbe walikutana Karlstad, kisha Copenhagen, kisha Oslo, yote katika mwezi wa Januari 1949. Mwisho wa mwezi huo ilijulikana wazi kwamba hawatapatana. Tarehe 4 Aprili 1949 Norwei, Denmark na Iceland zilitia sahihi mkataba wa muungano wa kujihami wa nchi za Atlantiki ya Kaskazini, NATO. Uswidi ilibaki peke yake, na Ufini ikabaki peke yake.

Hapa pana fundisho la kwanza. Watu wawili hulinda boma pamoja ikiwa wote wawili wamemwogopa mnyama mmoja, na wameafikiana atatokea upande gani. Mmoja akichelea chui wa msituni na mwingine mamba wa mtoni, kila mtu atalala upande wake, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja.

YALIYOFANYIKA KIMYA KIMYA

Isidhaniwe kwamba tangu siku ile walipeana visogo. Palipokuwa hapana hatari ya kuudhi mataifa makubwa, walishirikiana. Walipeleka askari wa kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, na katika mwaka 1964 waliafikiana kuwa na vikosi vilivyo tayari kwa kazi hiyo. Utaratibu wa namna hii ulifika hata Afrika Mashariki, maana miaka mingi baadaye nchi za Nordiki zilileta maofisa washauri Nairobi kusaidia kuunda Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki, ambacho makao yake makuu yako Karen.

Tena yalikuwako mengine ambayo wananchi hawakuambiwa. Mwaka 1994 tume iliyowekwa na serikali ya Uswidi ilieleza kwamba katika miaka ya baada ya vita, huku viongozi wakihubiri kukaa katikati, maofisa wa jeshi walikuwa wamefanya matayarisho ya kupokea msaada wa nchi za Magharibi iwapo nchi ingeshambuliwa. Hivyo haja ya ulinzi ilipita kwa mlango wa nyuma, baada ya siasa kufunga mlango wa mbele.

FEDHA YAWAKUTANISHA

Urusi ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, hofu ilipungua, na pamoja nayo ikapungua fedha ya majeshi. Uswidi iliondoa kikosi chake katika kisiwa cha Gotland mwaka 2005, na mwaka 2010 ikaacha kuwaita vijana jeshini kwa lazima. Lakini bei ya silaha haikushuka. Ndege moja mpya ya kivita ilikuwa ghali kuliko ile iliyotangulia, na nchi ndogo ziliona kwamba fedha ile ile hununua ndege chache zaidi kila mara.

Hapo ndipo wakuu wa majeshi ya Norwei, Uswidi na Ufini walipoketi pamoja. Katika taarifa yao ya mwaka 2008 walitaja mambo 140 ambayo nchi hizo zingeweza kuyafanya kwa shirika. Mwaka uliofuata Bwana Thorvald Stoltenberg, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Norwei, alitoa mapendekezo 13 kwa serikali zote tano, na mwezi wa Novemba 2009 utaratibu wa ushirikiano wa ulinzi uitwao NORDEFCO ukaanzishwa. Yafaa ifahamike kwamba huu haukuwa muungano wa vita. Hapana aliyeahidi kumpigania mwenzake. Ulikuwa kama chama cha ushirika cha wakulima, ambamo kila mtu ana shamba lake, lakini mbolea hununuliwa pamoja ili bei iwe nafuu.

MATATIZO YA KUNUNUA PAMOJA

Hata hivyo, kununua pamoja ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mifano mitatu yatosha.

Mfano wa kwanza ni wa helikopta. Nchi nne zilipatana kuchagua helikopta ya namna moja. Mwaka 2001 Denmark ilichagua ya namna nyingine. Norwei, Uswidi na Ufini zikaagiza helikopta iitwayo NH90, lakini Uswidi ilitaka yake iwe na dari la juu kuliko za wenzake, na kila mmoja akaongeza vyombo vyake. Kilichokusudiwa kuwa kitu kimoja kikawa vitu vitatu. Helikopta zilichelewa miaka mingi, na mwezi wa Juni 2022 Norwei ilivunja mkataba na kutaka irudishiwe fedha yake.

Mfano wa pili ni wa mizinga. Norwei na Uswidi ziliagiza mzinga uitwao Archer, 24 kwa kila nchi. Mwezi wa Desemba 2013 Norwei ilijitoa. Baadaye Norwei na Ufini, kila nchi kwa mkataba wake, zilinunua mizinga ya Korea Kusini.

Mfano wa tatu ni wa ndege, na huu ulitia uchungu zaidi. Uswidi huunda ndege zake za kivita ziitwazo Gripen, ikatumaini kwamba jirani zake watazinunua. Mwaka 2008 Norwei ilichagua ndege ya Marekani, F-35. Denmark ilifanya vivyo hivyo mwaka 2016, na Ufini mwaka 2021. Kwa wanunuzi, ndege ya Marekani haikuwa chombo tu. Ilikuwa pia kamba ya kuwafunga na mwenye nguvu ambaye wangemhitaji siku ya msiba. Kwa Uswidi, jambo hilo lilikuwa hasara ya kiwanda na ya kazi za watu wake.

Sababu za matatizo haya si chuki. Kila Bunge hupitisha fedha kwa wakati wake, wala nyakati hizo hazilingani. Kila jeshi lina mazoea yake, na kila ofisa huona kwamba mahitaji yake ndiyo ya haki. Kila serikali yataka mishahara ya kiwandani ibaki kwa watu wake. Walipofanikiwa, mara nyingi ni pale walipochagua kitu kilichokwisha kuundwa na kujaribiwa, kama gari la deraya la Uswidi liitwalo CV90, ambalo majeshi ya Norwei, Denmark na Ufini yalilinunua pia.

VIZUIZI VYA UANACHAMA NA SHERIA

Palikuwa na kizuizi kingine, nacho ni vyama tofauti. Norwei na Iceland zilikuwa ndani ya NATO lakini nje ya Umoja wa Ulaya. Uswidi na Ufini zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya lakini nje ya NATO. Denmark ilikuwa ndani ya vyote viwili, ila tangu mwaka 1993 haikushiriki katika mambo ya ulinzi ya Umoja wa Ulaya, hata wananchi wake walipopiga kura ya kuiondoa kanuni hiyo tarehe 1 Juni 2022. Tena Iceland haina jeshi kabisa. Kwa hiyo palipokuwa na siri ya NATO mezani, wajumbe wawili hawakuweza kuisoma.

Sheria za nchi nazo zilihitaji kutengenezwa. Ilibidi Ufini ibadili sheria zake mwaka 2017 ili jeshi lake lipate kutoa na kupokea msaada wa kijeshi wa nchi nyingine. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini siku ya hatari hapana nafasi ya kumtafuta mwanasheria.

FAIDA YA MAZOEA MADOGO

Pamoja na vizuizi hivyo vyote, jambo moja liliendelea bila makelele. Tangu mwaka 2009 marubani wa Norwei kutoka Bodø, wa Uswidi kutoka Luleå, na wa Ufini kutoka Rovaniemi walianza kufanya mazoezi pamoja angani, karibu kila juma. Kila rubani aliruka kutoka kiwanja chake, akakutana na wenzake hewani, kisha akarudi kulala kwake. Hapakuwa na gharama ya kambi wala ya hoteli. Baada ya miaka kadhaa walijuana sauti katika redio, wakajua desturi za kila mmoja. Mwaka 2016 serikali ziliafikiana pia kurahisisha ruhusa ya majeshi ya jirani kupita katika ardhi, bahari na anga zao wakati wa amani.

Mazoea haya yalikuwa kama kuni zilizokaushwa. Hayakuwasha moto yenyewe, lakini moto ulipokuja yaliushika upesi.

MWAKA 2022 NA BAADAYE

Urusi ilipoitwaa Krimea mwaka 2014 nchi za kaskazini zilishtuka, na Uswidi ikarudisha askari Gotland mwaka 2016. Ilipoishambulia Ukraine yote tarehe 24 Februari 2022, yale mafundisho matatu ya zamani yakawa fundisho moja. Watu wa Ufini na wa Uswidi waliona kwamba jirani mkubwa aweza kushambulia hata asipochokozwa, na kwamba aliye nje ya muungano hana wa kumwahidi msaada. Tarehe 18 Mei 2022 nchi hizo mbili ziliomba kuingia NATO. Ufini ilikubaliwa tarehe 4 Aprili 2023. Uswidi ilicheleweshwa na Uturuki na Hungaria, ikaingia tarehe 7 Machi 2024, baada ya kukaa nje ya vita na miungano ya vita kwa miaka mia mbili.

Mwezi wa Machi 2023, hata kabla ya kazi hiyo kukamilika, wakuu wa majeshi ya anga ya Denmark, Norwei, Uswidi na Ufini walitia sahihi maandishi ya kukusudia kuilinda anga yao kama anga moja. Ndege zao za kivita pamoja zilihesabiwa kuwa kama 250, hesabu ambayo mataifa makubwa ya Ulaya hayaidharau. Waliweza kusema hivyo upesi kwa sababu marubani wao walikuwa wamezoeana tangu zamani.

Wala isidhaniwe kwamba vizuizi vimekwisha. Viwanda vingali vinashindana, na Mabunge yangali matano. Lakini swali lililowatenga mwaka 1949, yaani hatari iko upande gani, limepata jibu moja.

FUNDISHO KWA NCHI NYINGINE

Mambo kama hayo yameonekana hata karibu na nyumbani. Mwezi wa Novemba 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kupeleka kikosi cha pamoja mashariki ya Kongo, Kenya ikiwa miongoni mwao. Serikali ya Kongo ilitaka kikosi hicho kiwapige waasi wa M23. Viongozi wa kikosi waliona kwamba kazi yao ni kusimama katikati na kuangalia waasi wakiondoka. Kwa kuwa hawakupatana juu ya kazi yenyewe, Kongo haikuongeza muda, na mwezi wa Desemba 2023 askari walirudi makwao. Hapo pia ujirani ulikuwako na mkataba ulikuwako. Kilichokosekana ni neno moja juu ya adui na juu ya kazi.

Kwa kifupi, mambo matatu huzisukuma nchi jirani kulinda pamoja: hatari inayoonekana na wote, upungufu wa fedha, na mazoea ya kuaminiana. Mambo manne huzizuia: hatari zisizolingana, kumbukumbu za zamani, tamaa ya kila mmoja kwa kiwanda chake, na sheria zisizopatana. Hatari haiwezi kuagizwa, na yafaa watu waombe isije. Fedha huja na kwenda. Mazoea peke yake ndiyo yanayoweza kujengwa siku za amani, kidogo kidogo, na hayo ndiyo yaliyozifaa nchi za kaskazini siku ilipofika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Kwa nini Norwei na Uswidi hazikupatana mwaka 1949, ingawa zote ziliogopa vita?

2. Chama cha ushirika kinafananaje na utaratibu ulioanzishwa mwaka 2009, na vinatofautianaje?

3. Kwa nini Ufini ilinunua ndege ya Marekani badala ya ndege ya jirani yake? Je, ilikosa ujirani?

4. Ni mazoea gani madogo ambayo vijiji viwili vinavyopakana vyaweza kuanza leo, ili vifaane siku ya wizi wa mifugo au ya moto?